Sikuitwa, Nilipangiwa

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mahafali ya chuo kimoja cha ualimu. Waliokosa kufika wameniomba, nami nimeyaweka yote kama yalivyotoka, salamu na utani humohumo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wazazi mliosafiri usiku kucha kwenye mabasi, na ninyi wenye majoho: shikamooni mnaostahili shikamoo. Na wadogo zangu, hamjambo?

Mmeitikia vizuri, lakini mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, na kwangu salamu huitikiwa na kila mtu. Ninyi wa kule nyuma chini ya mwembe, nimewaona. Hamjambo? Haya. Sasa tuko pamoja.

Mkuu wa Chuo aliponipigia simu alinipa mada: "Ualimu ni wito." Nikamwambia kuja nitakuja, ila mada hiyo huenda nikaichokoza. Akacheka, akasema njoo hivyohivyo. Kwa hiyo nikisema jambo lisilompendeza mtu, mwenyeji wangu alishaonywa.

Tuanze na mikono. Nani hapa, alipokuwa anajaza machaguo yake baada ya kidato cha nne, aliweka ualimu namba moja? Nyoosheni juu, nione. Ipo mikono. Si mingi, ila ipo, na Mungu awabariki. Sasa nani aliweka ualimu namba tatu, namba nne, au aliwekewa na mjomba? Eeeh! Tazameni, mkutano mzima umeamka.

Mimi niliandika uuguzi. Nilishajiona kabisa na gauni jeupe, napita wodini na sahani ya dawa, watu wananiita sista. Barua ilipokuja ikasema chuo cha ualimu, cheti cha Daraja la Tatu A. Baba akaisoma, akaikunja, akasema, "Serikali imekuona." Mimi nikaenda nyuma ya nyumba kulia. Sikuitwa, ndugu zangu. Nilipangiwa.

Nayasema haya kwa sababu najua kuna mtu amekaa hapa na joho lake zuri, mama yake amemvisha shada la maua, naye moyoni anajiona mwalimu bandia. Amesikia wenzake wakisimulia kwamba tangu utotoni walikuwa wakiwapanga wadogo zao mstari na kuwaandikia kwa mkaa ukutani, na yeye hana hadithi ya namna hiyo. Anangoja sauti. Anajiuliza: nikifika kazini nisiisikie, je? Mwaka ukipita, miaka mitano ikipita, nisiisikie? Leo nimekuja kwa ajili yako wewe. Wenye wito wanisamehe, wao wana wahubiri wa kutosha.

Ninalotaka kukuambia ni hili. Mapenzi ya kazi hii hayakutangulii shuleni. Utayakuta ndani ya kazi, na utayakuta kwa kuijua kazi yenyewe, mtoto mmoja mmoja, herufi moja moja, kosa moja moja. Mwalimu asiyejua kwa nini mtoto wake ameshindwa atachoka hata kama aliitwa na malaika. Anayejua kwa nini, hata kama alipangiwa kwa barua, kuna kitu kitaanza kumshika.

Kabla sijafika huko, mniruhusu niseme kwa nini wito wakati mwingine unanikera. Mara nyingi utausikia mahali pa malipo. Unadai malimbikizo yako: mwalimu, ualimu ni wito. Umehamishwa wilaya nyingine na hela ya uhamisho hujaiona: wito. Nyumba ya mwalimu inavuja mpaka unahamisha kitanda usiku: wito. Mbona fundi anayekuja kuezeka nyumba hiyo haambiwi kwamba kuezeka ni wito?

Kila tarehe 5 Oktoba tunavaa fulana za Siku ya Walimu Duniani na kuandamana. Wangapi mnajua kwa nini ni tarehe hiyo? Tarehe 5 Oktoba mwaka 1966, mjini Paris, lilipitishwa pendekezo kuhusu hadhi ya walimu, kazi ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani. Siku yenyewe imekuwa ikiadhimishwa tangu 1994. Usomeni waraka ule. Mtakuta humo mishahara, likizo, ukubwa wa darasa, mafao ya uzeeni, haki ya mwalimu kusikilizwa kwenye mambo ya elimu. Walioandika walijua kwamba mwalimu naye ana tumbo.

Kwa hiyo dai. Jiunge na chama chako, hudhuria mikutano yake, weka nakala ya kila barua kwenye faili lako mwenyewe, usiiamini droo ya ofisi ya mtu. Na jihadhari na wale wakopeshaji wa kausha damu, wanaokungoja nje ya benki siku ya mshahara huku kadi yako iko mfukoni mwao. Nimewaona walimu hodari ambao furaha ya darasa iliwatoka, na watoto hawakuhusika hata kidogo. Ilitolewa na riba.

Na najua wengine wenu hamtaajiriwa mwaka huu wala mwaka ujao. Mtasubiri, mtaenda kwenye usaili, mtajitolea shule ya kata kwa hela ya nauli, mtafundisha tuisheni kwenye baraza la mtu. Sitawaambia hilo ni jambo jema. Ila ninayoyasema leo yanafanyika hata barazani.

Sasa nendeni nami darasani.

Mnakumbuka Januari 2016, elimu ilipokuwa bila malipo na michango ikapigwa marufuku? Watoto walikuja. Walikuja wa miaka sita na mama zao, wakaja na wa miaka kumi wasio na mtu nyuma yao, waliokuwa wakichunga ng'ombe hadi juzi yake. Darasa langu lilijaa mpaka mlangoni. Wa mbele walikaa sakafuni, vidole vya miguu vikigusa ukuta wa ubao, na mimi nikitaka kuandika naomba njia. Mwaka mmoja nyuma mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulikuwa umebadilishwa, nguvu zote ziende kwenye KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Mambo mazuri kwenye karatasi. Sasa yatekeleze huku umesimama kwa mguu mmoja.

Katika hao wachungaji alikuwepo mmoja, mrefu kuliko wote, aliyekuwa anasoma. Nasema anasoma! Ukimpa kitabu anafungua ukurasa, anaweka kidole chini ya mstari, anautiririsha kwa sauti mpaka mwisho. Wenzake walimheshimu. Angekuja mdhibiti ubora siku hiyo, ningemsimamisha yeye.

Lakini mwalimu mmoja mkongwe alikuwa amenifundisha zamani: mtoto wa darasa la kwanza akisoma vizuri kupita kiasi, funika picha. Basi nikamwita mezani, nikamwambia soma, na alipofika katikati nikaweka kiganja juu ya picha ya kuku.

Kimya. Kidole kilikuwa palepale chini ya neno "kuku". Macho yakaenda kwenye mkono wangu, yakarudi kwenye neno, yakaenda tena kwenye mkono. Alikuwa amekariri. Ukurasa ule, na uliofuata, na uliofuata, vyote aliviweka kichwani kwa kuwasikiliza wenzake, na picha ndiyo iliyokuwa inamkumbusha aanzie wapi.

Niwaulize, walimu: mtoto huyu ni mjinga? Sijasikia. Ni mjinga? Mtu aliyemeza kitabu kizima kwa masikio? Huyo ana kichwa kuliko mimi na wewe. Lakini kusoma hajui, na asingegundulika angefika darasa la nne akiwa hajui, maana darasa la nne kitabu hakina picha ya kumwokoa.

Nilikuwa na vizibo vya soda kwenye kopo, nimeviandika herufi kwa kalamu ya wino mzito. Nikavimwaga mezani. Mimi natamka sauti, yeye anatafuta. Mmm, akapata. Aaa, akapata. Kkk, akapata upesi. B, akanipa d. D, akanipa b, akafikiri, akachukua p. Hapo nikaona na kosa la zana yenyewe, ambalo hakuna andalio la somo litakaloliandika: kizibo ni duara, hakina juu wala chini. Herufi d ukiizungusha inakuwa p. Mtoto hana kosa. Tukakaa naye, tukachora mstari chini ya kila herufi kwenye kila kizibo, ili chini pajulikane ni wapi.

Kisha nikatoka naye nje, mchangani, kipindi cha mapumziko. Nikamwambia: b, fimbo kwanza halafu tumbo. Na d ndogo, tumbo kwanza halafu fimbo. Mchunga ng'ombe anaijua fimbo, hiyo hakuhitaji kufundishwa. Akachora, akafuta kwa mguu, akachora. Fimbo, tumbo. Tumbo, fimbo. Wenzake wakaja kutazama, wengine wakaanza kuchora na wao, na mimi nikagundua kwamba alikuwa na ndugu wengi katika tatizo lile, ila wao walikuwa kimya.

Muhula ukaenda. Siku moja jioni nimekaa kwenye baraza la ofisi nasahihisha madaftari, nimejifunga kanga kiunoni. Yeye alikuwa zamu ya kufagia. Nikahisi mtu amesimama. Nikainua macho, hanitazami mimi, anatazama magoti yangu. Midomo inacheza. "M... ge... ni." Akanyamaza. "Njo... o." Akasogea, akainama kabisa, fagio mkononi. "Mgeni njoo." Halafu akakwama. Akaweka kidole kwenye kanga yangu, palepale pagumu, akauliza, "Mwalimu, hii ni nini?"

Ilikuwa mwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Silabi za konsonanti mbili tulikuwa hatujazifikia. Hakuwa amekosea chochote, alikuwa amefika mwisho wa barabara niliyomchongea.

Mnajua nilifanya nini? Nilipanda daladala, nikapitishwa kituo changu, nikashuka mbele na kurudi kwa miguu, sijali. Na nataka mnielewe vizuri kuhusu furaha ile. Upendo kwa mtoto ulikuwepo, sawa, nyanya zao nao wanawapenda. Kilichonipitisha kituo ni kwamba nilijua. Nilijua alikuwa amekwama wapi, nilijua kwa nini, nilijua kilichomkwamua, na nilijua kesho asubuhi nitaandika nini ubaoni: mwa, mwe, mwi. Kuna watu wanafanya kazi miaka thelathini bila kujua kazi yao imefanya nini. Mwalimu anaweza kujua, kwa jicho lake, jioni moja, kwenye kanga.

Kufikia mwaka ule nilishakuwa kazini muda mrefu. Mara ya kwanza kuionja ladha hiyo nilikuwa mwalimu mchanga, kwa mtoto mwingine na tatizo jingine, na tangu hapo lile gauni jeupe sikuliwaza tena. Barua ilinipangia. Kubaki nilichagua mwenyewe.

Hapo najua mnangoja nimtaje Baba wa Taifa, Julius Nyerere, maana hotuba ya walimu isiyomtaja huku kwetu haijakamilika. Haya. Alifundisha St. Mary's Tabora alipotoka Makerere, akaenda Edinburgh, akarudi akafundisha Pugu. Mwaka 1955 ilibidi achague kati ya darasa na chama chake cha siasa, TANU, akaacha darasa. Mnaliona hilo? Mtu tunayemwita Mwalimu kuliko wote ni mtu aliyeandika barua ya kuacha ualimu. Kwa hiyo ukijaribu kwa moyo wako wote ukaona huu si wako, toka kwa heshima, hujamkosea mtu. Ninayemwogopa ni yule ambaye hajachagua kutoka na hajachagua kubaki. Huyo anakaa ofisini na simu, kengele ikigongwa anaguna.

Huko kutazama mtoto nilikojifunza, asili yake ni mtu mmoja ambaye leo angekosa hata sifa za kuingia chuo hiki.

Wazazi wenye mvi watakumbuka Azimio la Musoma, Novemba 1974: ifikapo 1977 kila mtoto wa rika la shule awe shuleni. Watoto wakapatikana kirahisi, walimu hawakupatikana. Maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakawa wanafundisha huku wanajifunza ualimu hukohuko vijijini. Walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Watani wakasema kirefu chake ni Ualimu Pasipo Elimu. Mimi nimefundishwa na mmoja wao.

Alikuwa kijana, shati moja la kitenge, mwandiko wa ajabu ubaoni. Na alikuwa na tabia ambayo sijaiona tena kwa mwalimu mwenye digrii. Ukimuuliza asilolijua, anachukua kipande cha chaki, anaandika swali lako kwenye pembe ya ubao, juu kulia, anasema, "Hili silijui. Lisifutwe." Kiranja alikuwa na amri ya kufuta ubao wote isipokuwa pembe ile. Jumamosi anapanda baiskeli kwenda kwa mkufunzi wake, Jumatatu anaanza somo kwa kujibu pembe. Nakumbuka nilimuuliza kwa nini mbalamwezi hutufuata tukitembea. Pembe ile ilikaa na swali langu zaidi ya wiki, na mimi kila asubuhi naingia darasani natazama kama bado lipo. Nilijiona mtu mkubwa! Swali langu limeandikwa na mwalimu!

Watu waliokuwa wakimcheka walikuwa sahihi kuhusu cheti chake. Kuhusu yeye hawakujua kitu. Alikuwa anajifunza kila wiki mbele ya macho yetu na alikuwa na furaha, na sisi tuliiona ile furaha tukadhani ndivyo kujua kulivyo. Ninyi mmepata wakufunzi, maktaba, intaneti ya chuo inayokatika mvua ikinyesha. Mnazidiwa nini na kijana wa baiskeli? Msikubali kukaa miaka kumi ukifundisha kwa azimio la kazi la mwaka wa kwanza, unabadilisha tarehe tu.

Kuna jambo jingine, hili nitalipitia Eldoret.

Kenya walipofuta karo za shule za msingi, Januari 2003, watoto walimiminika kama walivyomiminika kwetu. Mwaka uliofuata akaja mwanafunzi asiyetazamiwa: mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, miaka 84, amekata suruali yake iwe kaputula, anataka darasa la kwanza. Alitaka kuhesabu fedha zake asiibiwe, na alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, ajue kama wahubiri wanasema kilichoandikwa. Dunia nzima ilimpiga picha. Mwaka 2005 alipanda ndege kwenda New York, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa, kuzungumzia elimu ya msingi bila malipo. Alifariki Agosti 2009.

Lakini mimi siku zote namfikiria mtu aliyekuwa nyuma ya meza asubuhi ile: Mwalimu Jane Obinchu, mwalimu mkuu wa shule ya msingi Kapkenduiywo. Jiwekeni pale. Madarasa yamefurika, madawati hayatoshi, huyu babu anatazamwa na uwanja mzima. Mngesema nini? Ilikuwa rahisi sana kusema, babu, nenda ukaulize ngumbaru, kwenye madarasa ya watu wazima. Hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akampa nafasi.

Maamuzi ya namna hiyo yatawajia, na hayatakuja na waandishi wa habari. Atakuja msichana aliyejifungua, anataka kurudi. Tangu mwishoni mwa 2021 serikali yetu imefungua njia arudi, lakini njia hiyo inapita mezani kwako, kwenye uso utakaomwonyesha. Atakuja mtoto asiyesikia, na mzazi anaona aibu. Atakuja mtoto asiye na sare. Wizara iko mbali, waraka uko kwenye faili. Aliyepo pale ni wewe. Madaraka hayo anayo mwalimu wa mwaka wa kwanza kazini, na mkuu wa mkoa hana.

Na mwaka 2019 Kenya hiyohiyo ilitoa mwalimu aliyepewa tuzo ya mwalimu bora duniani, Peter Tabichi, bruda wa Kifransisko, hisabati na fizikia, shule ya kutwa ya Keriko kule Njoro. Dola milioni moja. Magazeti yote yakaandika kwamba alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa maskini. Jamani, msiige hilo! Yeye ni mtawa, wewe una mdogo wako anasubiri ada ya chuo. Nasema kwa upendo, maana nimeshasikia viongozi wakiitumia asilimia ile kama rungu. Kilichonivutia kimeandikwa kwa herufi ndogo zaidi: kwamba yeye na wenzake wanne walikuwa wakiwafundisha wanafunzi dhaifu mmoja mmoja baada ya vipindi na mwisho wa wiki, na kwamba alikuwa akienda majumbani mwao. Shule ilikuwa na kompyuta moja. Wenzake wanne! Hata bora wa dunia hakuwa peke yake.

Tafuta hao wanne. Ukikosa wanne, tafuta mmoja. Ofisi ya walimu ina maneno ya kila siku, na mengi ni sumu: darasa hili halifai, wazazi wa hapa hawajielewi, mkuu wa shule anapendelea. Mengine ni kweli. Lakini ukiyala asubuhi na jioni huwezi kumwona mtoto. Mpate mwenzako mmoja ambaye mtakubaliana: Jumanne unakuja kukaa nyuma ya darasa langu, Alhamisi nakuja kwako. Aandike alichokiona, akuambie mkiwa wawili. Inauma mara ya kwanza. Mimi niliambiwa kwamba maswali yangu yote yanaenda upande wa dirishani.

Shukrani je? Mtashukuriwa? Mmesikia sana hadithi ya mwalimu mzee anayesimamishwa na gari la waziri, waziri anashuka, anapiga magoti, "Mwalimu, ni mimi." Mimi nimefundisha mpaka nakaribia kustaafu na waziri huyo hajanipitia. Nilichopata nitawaambia. Mwaka jana pikipiki ya mwanangu iliharibika, nikaipeleka kwa fundi pale stendi. Kijana akaniangalia, akatupa spana, "Mwalimu! Shikamoo!" Akaniita kwa wenzake wote, akaniletea kiti, akaniagizia soda. Nikajua leo nitatengenezewa bure. Akaitengeneza. Bei ikabaki palepale! Hata jero hakupunguza.

Ila aliniandikia risiti kwa mkono. Sasa mjue, kule ninakofundisha watoto wengi nyumbani wanazungumza Kisukuma, na r inawasumbua, inageuka l. Huyu alikuwa mmoja wao, na mimi nilikaa naye muhula mzima kwenye ra na la. Nikaisoma risiti nikiwa nimesimama juani. Rimu ya nyuma, r. Plagi, l. Breki, r. Taa ya kulia, l. Hesabu imejumlishwa sawasawa, na mstari umepigwa chini ya jumla kwa rula. Nikalipa yote, nikaikunja risiti nikaiweka kwenye pochi. Ipo hapa, baadaye anayetaka kuiona aje.

Muda wangu umekwisha, Mkuu wa Chuo ananitazama kwa adabu. Neno la mwisho ni la kazi tu. Mtakaopangiwa, au kujitolea, kwenye shule za kata yetu: Jumatano vipindi viwili vya kwanza nipo darasa la kwanza, nafundisha silabi. Njooni mkae nyuma. Barua haihitajiki, nimeshazungumza na mwalimu mkuu wangu. Ila kila mtu aje na kigoda chake, madawati hayatoshi.

Ahsanteni sana.